Bon Scott wa AC/DC, na albamu iliyotoka baada ya msiba

Kama huwa unakwenda gulioni au mnadani kutafuta nguo za mtumba, fulana hii umeshaiona. Ni nyeusi, kifuani ina herufi A na C, halafu D na C, na katikati yake pamechorwa radi. Vijana wanaivaa shambani, wanaivaa kwenye bodaboda, na wengi wao hawajui imeandikwa nini. Wapo wanaodhani ni fulana ya kampuni ya umeme. Hawako mbali sana na ukweli.

Wasikilizaji wa kipindi chetu cha nyimbo za zamani wametuuliza zaidi ya mara moja habari za herufi hizo, na hewani muda huwa hautoshi. Basi tumeona tuandike hapa, mtu asome kwa nafasi yake.

AC/DC ni bendi ya muziki wa roki kutoka Australia. Roki ni ule muziki wa gitaa la umeme lililopandishwa sauti mpaka linakwaruza, ngoma zikigongwa kwa nguvu, na mwimbaji akipaza sauti juu ya kelele zote hizo. Jina lenyewe lilitoka kwenye cherehani. Dada wa wanabendi wawili, Margaret Young, aliona herufi hizo zimeandikwa kwenye cherehani ya umeme na akawashauri wadogo zake walichukue. Mwenye sola nyumbani ataelewa haraka: umeme unaotoka kwenye betri ni DC, na ule wa kwenye nguzo ni AC. Ndiyo maana kuna kile kifaa cha kuubadilisha kabla hujawasha televisheni.

Lakini leo hatuzungumzii umeme. Mwaka 1980 bendi hiyo ilitoa albamu inayoitwa Back in Black, nyimbo 10, kava lake jeusi tii lisilo na picha ya mtu. Ni moja ya albamu zilizouzwa zaidi duniani tangu watu waanze kuuza santuri. Marekani peke yake imepita nakala milioni 25. Weusi wa kava lile ni wa msiba. Miezi mitano kabla ya albamu kutoka, mwimbaji wao alikuwa amekufa, na huyo ndiye tunayetaka kumsimulia.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Ronald Belford Scott. Alizaliwa tarehe 9 Julai 1946 huko Forfar, Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, na miaka yake ya mwanzo aliishi mji mdogo wa jirani uitwao Kirriemuir, ambako ukoo wao ulikuwa na duka la kuoka mikate. Baba yake, Charles, watu walimwita Chick. Mama yake alikuwa Isa. Baada ya vita kuu ya pili maisha Uingereza yalikuwa ya kubana, na familia nyingi zilihamia Australia kutafuta nafuu. Akina Scott nao walihama mwaka 1952, mtoto akiwa na miaka sita, wakafikia Melbourne.

Shuleni huko alikuta darasani yupo tayari mtoto mwingine aitwaye Ronald. Wenzake walimsikia anavyozungumza kwa lafudhi ya kwao, wakamtania kwa usemi wa kuisifia Uskoti kuwa ni nchi nzuri, na kutoka kwenye usemi huo likakatwa neno moja: Bon. Jina la utani la shule likamkaa mpaka kaburini.

Mwaka 1956 walihama tena, safari hii kwenda Fremantle, mji wa bandari upande wa magharibi wa Australia. Waskoti wana muziki wao wa asili wa zumari lenye mfuko: mpigaji anabana mfuko wa hewa kwapani huku anapuliza, na zumari halinyamazi hata anapovuta pumzi. Zumari hizo huandamana na ngoma, kama bendi ya gwaride. Mzee Chick alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya namna hiyo, na mtoto wake akamfuata. Tukumbuke hilo, Bon alianza na ngoma wala si sauti, maana litarudi mbele.

Shule aliiacha akiwa na miaka 15. Akafanya kibarua shambani, akavua kamba baharini, akajifunza ufundi wa kutengeneza mizani. Halafu akaharibikiwa. Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 17, alishikwa na polisi na kukiri makosa kadhaa, yakiwemo kutoa jina la uongo, kutoroka akiwa chini ya ulinzi, na kuiba petroli zaidi ya lita 50. Alipelekwa kwenye kituo cha kurekebisha tabia za vijana, kama shule zetu za maadilisho, akakaa miezi tisa. Alipotoka alijaribu jeshi, jeshi likamkataa. Akawa anahudumia baa, akawa anapakia mizigo kwenye malori, na akawa mtu wa posta anayegawa barua nyumba kwa nyumba.

Jioni alipiga ngoma kwenye bendi iitwayo The Spektors, na nyimbo nyingine aliachiwa aimbe. Mwaka 1966 bendi hiyo iliungana na nyingine ikazaliwa The Valentines, ambayo ilikuwa na waimbaji wawili wa mbele, Bon na Vince Lovegrove. Walihamia Melbourne, wakavaa nguo za kufanana, wakaimba nyimbo laini za mapenzi, wasichana wakapiga kelele. Haikudumu. Mwaka 1970 Bon alijiunga na bendi iitwayo Fraternity, wanamuziki wenye ndevu waliotaka kuonekana watu wa maana. Mwaka 1971 walishinda mashindano makubwa ya bendi ya Australia na zawadi ilikuwa safari ya London. Wakaenda na matumaini. London haikuwajali. Walirudi nyumbani mifuko imetoboka na bendi imevunjika.

Kuna jambo moja dogo lililotokea huko Uingereza ambalo halikuonekana kuwa na maana wakati ule. Mwaka 1973 Fraternity, ambao walikuwa wamebadili jina, walitangulia jukwaani katika baadhi ya maonyesho ya bendi ya kaskazini mwa Uingereza iitwayo Geordie. Mwimbaji wa Geordie alikuwa Brian Johnson. Usiku mmoja Brian alianguka jukwaani, akagaagaa chini huku anapiga mayowe, na Bon akiangalia kutoka pembeni aliona hajapata kumwona mwimbaji anayejitoa namna ile. Ukweli ni kwamba Brian alikuwa anaumwa kidole tumbo. Lakini Bon aliondoka na picha hiyo kichwani, na baadaye aliwasimulia wenzake wa AC/DC mara kadhaa. Tuiache hadithi hiyo hapo kwanza.

Alirudi Adelaide, kusini mwa Australia, akaajiriwa kibarua kwenye kiwanda cha mbolea. Alikuwa na miaka 27, ana mke, muziki umemkataa. Usiku wa tarehe 3 Mei 1974, akiwa amelewa, aligombana na wanamuziki aliokuwa akifanya nao mazoezi, akavunja chupa chini, akapanda pikipiki na kuondoka kwa hasira. Ajali aliyoipata ilimlaza siku tatu bila fahamu, na jumla ya siku 18 hospitalini. Ndoa yake nayo ikafika mwisho muda si mrefu.

Mtu aliyemshika mkono ni yule mwenzake wa zamani, Vince Lovegrove, ambaye sasa alikuwa anashughulika na kuandaa maonyesho. Alimpa kazi ndogondogo wakati anapona, kubandika matangazo na kuendesha gari, na akamwambia iko bendi ya vijana kutoka Sydney inayotafuta mwimbaji.

Vijana wale walikuwa Malcolm na Angus Young, ndugu wa baba na mama mmoja. Nao ni wazaliwa wa Uskoti, wa jiji la Glasgow, waliohamia Australia na familia yao mwaka 1963. Malcolm alipiga gitaa la rithimu na ndiye aliyekuwa kichwa cha bendi. Angus alipiga solo, na jukwaani huvaa sare ya mwanafunzi, kaptula na koti na begi mgongoni, jambo ambalo nalo lilikuwa wazo la dada yao Margaret. Kaka yao mkubwa, George, alishapata jina na bendi ya The Easybeats na sasa alikuwa mtayarishaji wao studio. Mwimbaji wao wa kwanza, Dave Evans, walikuwa hawapatani naye tena.

Bon alikuwa na miaka 28. Malcolm alikuwa na 21 na Angus 19. Wao walimwona mzee, yeye aliwaona watoto wasiojua kupiga. Waliposhika vyombo pamoja mabishano yakaisha. Kwa hiyo Bon Scott mwenyewe alianza AC/DC kwa kukalia kiti cha mtu mwingine. Watu husahau hilo wanapomzungumza kana kwamba alizaliwa na bendi.

Alichowaletea ni maneno. Ndugu wawili wale walikuwa na mapigo, hawakuwa na hadithi. Bon alikuwa amelala polisi, amebeba mizigo, amegawa barua, ameachwa, amelala hospitalini, na yote hayo aliyaandika kwa mzaha, kama mtu wa kijiweni anayewachekesha wenzake kwa shida zake mwenyewe. Baadhi ya nyimbo zake ni za matusi ya kificho na hatuwezi kuzipiga mchana. Nyingine zinamzungumzia mwanamuziki anayelala njaa na kudhulumiwa malipo, na hizo mpiga gitaa yeyote wa baa popote anaweza kuzielewa hata kama Kiingereza kinampiga chenga.

Moja ya hizo ni It's a Long Way to the Top, ya mwaka 1975. George alikuwa amesikia kwamba Bon aliwahi kuwa kwenye bendi ya zumari za Kiskoti, akasema basi tutie zumari humo. Bon hakuwa amewahi kulipiga. Yeye alikuwa mtu wa ngoma, kama baba yake. Hakurudi nyuma. Walinunua zumari, akajifunza kadiri alivyoweza, na leo ni wimbo wa roki unaojulikana zaidi wenye chombo hicho. Februari 1976 walirekodi filamu yake wakiwa juu ya lori lililo wazi likitembea katikati ya Melbourne, Bon na zumari lake, watu wakikimbia pembeni kama wanafuata gari la matangazo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya barabarani. Walihamia Uingereza, wakapiga Ulaya, wakapiga Marekani, usiku baada ya usiku. Kampuni ya santuri upande wa Marekani haikuwa na imani nao. Albamu yao ya 1976, Dirty Deeds Done Dirt Cheap, iliikataa kabisa. Bon aliandika barua nyingi kwa marafiki na ndugu, na alikunywa. Alikunywa kabla ya onyesho na baada ya onyesho. Wenzake walikunywa pia, lakini yeye alikuwa na ile sifa mbaya ya kuweza kunywa sana na bado akaonekana mzima, na mtu wa namna hiyo hakuna anayemzuia.

Mwaka 1979 kampuni ilitaka wabadilishe mtayarishaji, na mwishowe kazi ikamwangukia Robert John Lange, ambaye wanamuziki humwita Mutt. Huyu ni mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa Mufulira, mji wa machimbo ya shaba kaskazini mwa Zambia, na akakulia Afrika Kusini. Alikuwa mtu wa kurudia: wimbo mmoja mara kumi, mara ishirini, mpaka kila kitu kikae mahali pake. Alimfundisha Bon namna ya kutumia pumzi, na akawafundisha wengine kuitikia vizuri. Matokeo yake ni albamu ya Highway to Hell. Jina hilo, njia ya kwenda jehanamu, liliwatisha watu wa dini wakati ule na tunajua litawatisha wengine leo. Angus ameeleza kwamba walikuwa wanazungumzia uchovu wa safari zile, kulala ndani ya basi soksi za mwenzako zikiwa puani. Albamu hiyo iliingia kwenye 20 bora za Marekani. Mlango uliokuwa umefungwa miaka mitano ukawa umefunguka nusu.

Februari 1980 walikuwa London wakianza kutunga albamu ya kufuata. Malcolm na Angus walikuwa na mapigo mapya. Bon alipita mazoezini, na badala ya kuimba akakaa kwenye ngoma akawapigia ili wajaribu nyimbo mbili. Aliwaahidi kwamba maneno yatafuata. Hiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kufanya kazi pamoja: alimaliza pale alipoanzia, kwenye ngoma.

Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Februari alikwenda kwenye klabu moja ya Camden, kaskazini mwa London, pamoja na mtu anayefahamiana naye. Alikunywa mpaka akalala. Mwenzake alimrudisha kwa gari, akashindwa kumwamsha, akashindwa kumbeba, na mwisho akamwacha alale ndani ya gari dogo nje ya nyumba yake, mtaa wa East Dulwich, kusini mwa jiji. Ilikuwa baridi ya Februari. Aliporudi kumtazama jioni ya siku iliyofuata alimkuta hajitambui. Alipofikishwa hospitali ya King's College walisema amekwisha kufa. Uchunguzi rasmi ulieleza kwamba aliuawa na sumu ya pombe nyingi iliyoingia mwilini, na kifo kikaandikwa kuwa cha bahati mbaya. Alikuwa na miaka 33. Miaka yote tangu hapo wamejitokeza watu wenye nadharia zao kuhusu usiku ule. Sisi tunabaki na matokeo ya uchunguzi.

Angus alipata habari kwanza, akampigia simu Malcolm. Malcolm hakuketi. Aliona waandishi wa habari wakiwahi, Chick na Isa watasikia habari za mtoto wao redioni, akajitwika mwenyewe kazi ya kupiga simu Australia. Kijana wa miaka 27 akimweleza mama mtu kwamba mwanao hayupo. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunajua vizuri alichokuwa anakiogopa.

Mwili ulisafirishwa Fremantle ukachomwa, na tarehe 1 Machi majivu yakazikwa kwenye makaburi ya mji huo. Bendi nzima ilikwenda. Mazishi yalikuwa madogo na ya kimya.

Ndugu wale wawili walikuwa wanafikiria kuacha. Si jambo la kushangaza. Mwimbaji si kama gitaa, huwezi kwenda dukani ukanunua lingine. Sauti ndiyo sura ya bendi, na wengi waliopoteza mwimbaji katika miaka ile hawakuinuka tena. The Doors wa Marekani walipofiwa na Jim Morrison mwaka 1971 walitoa albamu mbili bila yeye, wakavunjika. Kilichowageuza akina Young, kwa maelezo yao wenyewe, ni wafiwa. Mzee Chick aliwaambia pale msibani kwamba watafute mtu mwingine waendelee, kwa sababu Bon mwenyewe angetaka hivyo. Malcolm na Angus walirudi London, wakajifungia kwenye chumba cha mazoezi, wawili tu, wakawa wanapiga yale mapigo waliyoyaanza, kwa sababu hawakujua kitu kingine cha kufanya na huzuni yao.

Wako waliowalaumu. Walisema haraka ile haikuwa ya heshima. Kwa hesabu ya kwetu, ilikuwa arobaini ndiyo kwanza inaisha wakati mwimbaji mpya anapatikana. Na sisi tulipokuwa tunaandaa makala hii tulibishana wenyewe kwa wenyewe ofisini. Mmoja wetu anasema wangengoja mwaka. Wengine tunaona kwamba ruhusa ikishatoka kwa baba wa marehemu, jirani hana la kuongeza.

Walisikiliza waimbaji kadhaa. Jina la Brian Johnson lilitajwa na zaidi ya mtu mmoja, na akina Young walilikumbuka, kwani ni yule ambaye Bon alikuwa anawasimulia, mtu wa kugaagaa na kupiga mayowe. Tunaweza kusema marehemu ndiye aliyeacha mapendekezo.

Brian wakati huo alikuwa na miaka 32 na alishajihesabu kuwa amemalizana na muziki. Geordie ilikuwa imefifia, ndoa yake imevunjika, amerudi kuishi kwa wazazi wake karibu na Newcastle, na anajipatia riziki kwa kazi ya kufunika mapaa ya magari. Alikubali kwenda London kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa amepata kazi ya kuimba tangazo la mashine ya kufagilia, kwa hiyo nauli isingepotea. Alipofika kwenye chumba cha mazoezi hakupanda juu. Alikuta mafundi wa vyombo wanacheza pool chini akajiunga nao, huku wenye bendi wakimngoja na kudhani hakuja. Alipopanda aliimba wimbo mmoja wa Tina Turner na mmoja wa Bon. Aprili akatangazwa mwimbaji mpya.

Katikati ya mwezi huohuo walikuwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, studio ya Compass Point, Lange akiwa tena kwenye meza. Ukisikia Bahamas unadhani ni raha. Ilikuwa msimu wa dhoruba, umeme unakatika, vyombo vyao vingine vilikwama forodhani, kaa wanatembea sakafuni, na mama aliyewasimamia nyumba za kulala aliwapa mikuki ya kuvulia samaki waiweke karibu na kitanda kwa ajili ya wezi. Brian alipewa mapigo na majina ya nyimbo, akaambiwa andika. Kila usiku alikuwa peke yake na karatasi, akijua kwamba mtu aliyetangulia alikuwa fundi wa maneno. Siku moja amekwama kabisa, dhoruba ikaja, na Lange akamwambia aandike hiyohiyo anayoiona dirishani. Ndivyo yalivyopatikana maneno ya mwanzo ya wimbo wa kwanza.

Wimbo huo, Hells Bells, unaanza kwa kengele kubwa, taratibu, kama ya kanisani mtu anapozikwa. Kengele hiyo ina kisa chake. Bendi iliagiza kengele ya tani moja kwenye kiwanda cha John Taylor, mji wa Loughborough, Uingereza. Ilikuwa bado haijakamilika, na fundi wa sauti Tony Platt akajaribu kwanza kurekodi kengele za mnara wa kumbukumbu wa mji huo. Kila ikigongwa, ndege waliokaa mnarani waliruka wote kwa pamoja, na sauti ya mabawa ikaingia kwenye kanda. Wakarudi kiwandani, wakaning'iniza ile yao, na fundi aliyeitengeneza akaigonga mwenyewe. Kisha sauti ikapunguzwa kasi ili ionekane ya kengele kubwa zaidi. Inagonga mara 13. Ukiisikiliza kwa spika ya simu utasikia kigongo tu, mvumo wa chini hautoki. Tafuta redio yenye spika ya maana.

Kampuni ya santuri haikulipenda kava jeusi lisilo na chochote. Ilihofia halitaonekana dukani. Bendi ikashikilia kwamba huu ni msiba, na mwisho wakakubaliana jina lichorwe kwa mstari mwembamba wa kijivu. Ndani yake hakuna wimbo wa kulia. Hilo huwashangaza watu wanaotegemea maombolezo. Wimbo uliobeba jina la albamu uliandikwa kwa ajili ya Bon, lakini akina Young walimwagiza Brian asiandike wa huzuni, auandike kama mtu anayerudi akiwa na nguvu zake. Upo pia wimbo wa kukaribishana kinywaji, Have a Drink on Me, mmoja wa ile miwili ambayo Bon aliipigia ngoma. Tunakiri kwamba huo hutukaa vibaya masikioni. Mtu amekufa kwa pombe Februari, na Julai wenzake wanatoa wimbo wa kuinua glasi.

Kuna mabishano mengine ambayo hayajaisha hadi leo: je, baadhi ya maneno ya albamu yalitoka kwenye daftari la Bon? Wapo waandishi na watu waliomfahamu wanaodai hivyo. Bendi imekana siku zote, na majina yaliyoandikwa kwenye nyimbo zote 10 ni Young, Young na Johnson.

Onyesho la kwanza na Brian lilikuwa Namur, Ubelgiji, tarehe 29 Juni 1980. Albamu ikatoka tarehe 25 Julai. Uingereza ilifika namba moja. Marekani haikufika namba moja kamwe, iliishia ya nne, lakini ikawa inauzwa mwaka baada ya mwaka, na watoto wa walioinunua mwanzo wakaja kuinunua nao. Waliofika kwa bendi kupitia albamu ya Brian wengi walirudi nyuma kumtafuta Bon. Dirty Deeds, ile iliyokataliwa, ilitolewa Marekani mwaka 1981, mwenyewe akiwa kaburini, ikauzwa kwa mamilioni.

Kaburi lake Fremantle hadi leo lina wageni. Bamba la shaba lililokuwa pale liliibwa mwaka 2006, mwezi ambao angetimiza miaka 60. Mji huo ulimjengea sanamu karibu na bandari ya wavuvi mwaka 2008, na Kirriemuir nao wakamjengea ya kwao mwaka 2016, akiwa ameshika lile zumari. Malcolm alifariki mwaka 2017. Angus na Brian wamezeeka na wangali wanapiga.

Brian huimba nyimbo nyingi za Bon jukwaani, na mashabiki wanazipokea. Wimbo wa zumari haimbi. Tangu mwaka 1980 bendi haijaupiga mbele ya watu, kwa sababu Brian anaona ule ni wa Bon.